Miti ya Kwenye Ripoti

Miaka michache iliyopita, shirika moja lisilo la kiserikali lilizuru shule niliyokuwa nikifundisha ili kupanda miti. Ulikuwa mwezi wa Januari, jua likichoma kama moto. Wageni walishuka kutoka magari manne, wamevalia fulana mpya, na katoni za maji ya chupa zikawafuata. Wanafunzi wa chama cha mazingira walikwisha kuchimba mashimo 200. Hotuba zikatolewa, picha zikapigwa, magari yakaondoka. Chupa tuliziokota sisi.

Mvua iliponyesha mwezi wa Aprili, miche iliyokuwa hai ilikuwa 11.

Hayo ningaliyasahau, maana ukame hauna adabu kwa mtu. Lakini baadaye ilitufikia ripoti ya mwaka ya shirika hilo, yenye karatasi za kumetameta, na humo shule yetu ilitajwa kuwa imenufaika kwa miti 200. Mwanafunzi mmoja aliisoma, akaniuliza ile miti mingine imepandwa wapi. Sikuwa na la kumjibu.

Lawama hii siwatupii vijana waliokuja na majembe. Naielekeza kwa halmashauri zinazosimamia mashirika. Wajumbe wake huhoji stakabadhi za petroli na posho hadi senti ya mwisho, na ni haki yao. Mbona basi hawaulizi ni miche mingapi iliyoshika? Nimeambiwa kuwa wafadhili hutaka takwimu upesi. Naam, lakini mwenye kutia sahihi ripoti ni mwenyekiti, si mfadhili.

Wala hili si jambo lisilowezekana. Marehemu Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, wanawake wa vijijini walipewa malipo madogo kwa miche iliyoshika. Utaratibu huo ulimlazimu mtu arudi shambani kuhesabu, nao waliopanda wakawa na sababu ya kumwagilia maji.

Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ilipitishwa mwaka wa 2013, ikakaa kabatini hadi Mei 2024 ndipo ikaanza kutumika. Ni sheria njema, nayo inadai hesabu za fedha. Hata hivyo, hakuna sheria itakayochungulia kila shimo lililochimbwa. Na kuhusu zile chupa: tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga za taifa. Sioni kwa nini watetezi wa mazingira wangoje marufuku hayo yafike hadi uwanja wa shule ndipo waje na mtungi.

Katika shule ninamofundisha sasa, shirika jingine limeomba kuja kupanda miche 300. Wanafunzi wameliandikia barua wakitaka mambo mawili: upanzi ufanywe mvua zikianza, na tarehe ya kurudi kuhesabu iandikwe kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa. Tungali tunangoja jibu.