Trekta Linapogoma Kuwaka

Mwezi uliopita tuliongea juu ya homa za watoto wachanga. Mwezi huu nivumilieni, nataka kuongea juu ya trekta.

Mwaka 2014, mvua za kwanza zilipoanguka, tulimpokea wodini baba mmoja aliyeletwa kwa pikapu. Trekta lake kuukuu, Massey Ferguson 135, lilikataa kabisa kupiga stata. Akashuka, akasimama chini mbele ya tairi kubwa la nyuma, akaunganisha nguzo mbili za stata kwa bisbisi. Ukifanya hivyo umeme unapita njia ya mkato, na ile swichi inayozuia trekta kuwaka likiwa kwenye gia haina kazi tena. Gia ilikuwa imeingia. Tairi likampanda pajani na nyongani. Alipona, lakini anatembea kwa fimbo, na mzigo wa shamba umemwangukia mkewe. Mama huyo aliniambia kuwa fundi alipolikagua trekta alikuta chumvi tu kwenye vichwa vya betri.

Chumvi! Kitu cha kusafisha kwa nusu saa.

Matrekta haya yalianza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na mengine bado yanalima vijijini kwetu. Likigoma, kwanza tazama ile gia fupi ya H na L. Isipokaa katikati, umeme haufiki kwenye stata. Kisha washa taa za mbele, na baba akiwa amekaa kitini ageuze ufunguo huku wewe ukizitazama ukiwa umesimama pembeni, mbali na matairi. Taa zikififia, betri imechoka au viungo vyake vichafu. Zikibaki kali na kimya kikatawala, shida iko kwenye swichi, waya au stata yenyewe; hapo mwite fundi.

Kusafisha si kazi ya wanaume peke yao. Zima ufunguo. Fungua kwanza waya uliofungwa kwenye bodi ya trekta, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho, ili spana isipige cheche. Mwagia ule ungaunga maji ya moto yenye magadi kidogo, yasiingie ndani ya betri. Sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kaza, paka mafuta ya mgando, haya haya tunayowapaka watoto. Usisahau ncha ya pili ya ule waya wa bodi. Kutu hujificha pale, na nimeona mtu akinunua betri mpya bure kwa sababu yake.

Usimulike maji ya betri kwa kiberiti wala kibatari. Betri hutoa hewa inayolipuka, hasa ikitoka kuchajiwa.

Tindikali yake ikimrukia mtu jichoni, usitie maziwa, hata yale ya mama anayenyonyesha. Najua wengi tulifundishwa hivyo na bibi zetu. Mlaze, fungua kope kwa vidole, mwagia maji safi mfululizo kwa dakika zisizopungua 20. Atalia na kukusukuma, endelea. Kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata akisema maumivu yamekwisha.