Methani ya Kericho na Bomet: Lipieni Moto, Msilipie Matofali

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima. Kulikuwa na seva iliyokataa kuamka na mteja asiyekubali kulala. Leo nimepata nafasi, na wale waliokuja kutafuta habari za programu wanivumilie kidogo, maana tunazungumzia mavi ya ng'ombe. Kompyuta zitaingia humo ndani kabla hatujamaliza.

Habari yenyewe ni hii. Huko kwetu kwenye milima ya chai kuna miradi inayowapa wakulima mitambo ya bayogesi kwa bei nafuu, na mkulima anatia sahihi karatasi kwamba "haki za kaboni" za mtambo ni za mwenye mradi. Nimeisoma karatasi moja ya aina hiyo kuanzia juu mpaka chini. Kurasa nyingi, Kiingereza kigumu, na mwisho kuna nafasi ya kidole gumba kwa asiyejua kuandika. Nina maoni juu yake, na nitayatoa, lakini tuanze na gesi.

Methani hutokea vitu vilivyokuwa hai vinapooza mahali pasipo hewa: kwenye shimo la samadi, kwenye jaa la taka, kwenye kinamasi, ndani ya tumbo la ng'ombe. Ikipanda angani, kilo moja hushika joto mara 28 hivi kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi ukihesabu kwa miaka 100. Ukihesabu kwa miaka 20 inapita mara 80. Lakini haikai sana huko juu, kama miaka 12 tu, wakati sehemu kubwa ya kaboni dayoksaidi hukaa karne na karne. Kwa lugha ya kazi yetu, hii ni ile hitilafu ambayo ukiirekebisha leo mtumiaji anaona tofauti mapema. Tena inawaka! Mita moja ya ujazo ya bayogesi ina joto la kama kilowati-saa 6, yaani zaidi kidogo ya nusu lita ya dizeli.

Ndiyo maana mataifa yameitana mara kadhaa. Mwaka 2004 nchi 14 zilianzisha ushirikiano wa kukamata methani na kuiuza kama nishati, na mwaka 2010 ukapanuliwa na kupewa jina jipya. Novemba 2021, kule Glasgow, Marekani na Umoja wa Ulaya wakazindua Ahadi ya Dunia ya Methani: kupunguza kwa pamoja asilimia 30 kutoka kiwango cha 2020 ifikapo 2030. Sasa zimo nchi zaidi ya 150, na Kenya ilijiunga mwaka 2023 wakati wa mkutano wa Dubai. UNEP, ambao makao yao makuu yako Gigiri hapa Nairobi, nao wana kituo cha kufuatilia methani na mfumo wa kutoa tahadhari setilaiti inapoona gesi inavuja.

Setilaiti ni kitu kizuri, sikatai. Machi 2024 ilirushwa MethaneSAT, kazi ya shirika la mazingira la Marekani likishirikiana na serikali ya New Zealand. Juni 2025 mawasiliano yakakatika na haikuamka tena. (Kumbe si seva yangu peke yake.) Lakini vyombo vya aina hii vinaona gesi inayofuka kwenye visima vya mafuta, migodi ya makaa na majaa makubwa. Mtambo wa mita sita za ujazo uliozikwa nyuma ya nyumba Konoin hauonekani kutoka angani hata siku moja. Huko chini tunategemea mtu mwenye daftari.

Na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Mwenye daftari anahesabu nini?

Kwa miaka mingi amehesabu mitambo iliyojengwa. Mwaka 2009 serikali ya Uholanzi, kupitia mashirika ya Hivos na SNV, ilianza kufadhili mpango wa bayogesi wa nchi kadhaa za Afrika, Kenya, Uganda na Tanzania zikiwemo. Hapa kwetu shirikisho la wakulima ndilo lililoushika, na maelfu ya mitambo ikajengwa, mafundi wakafunzwa, kuba la matofali likaboreshwa. Ni kazi kubwa na siibezi. Kabla ya hapo, miaka ya 1980, Wajerumani walisaidia pia, wakiwa na CAMARTEC kule Arusha na miradi mingine hapa Kenya. Mingi ya mitambo ya enzi hizo ilikufa kimya kimya, na waliotoa taarifa ya kujengwa kwake hawakurudi kutoa taarifa ya kufa kwake.

Shangazi yangu anayo makumbusho ya aina hiyo nyuma ya zizi. Ulifanya kazi misimu michache. Kisha vali ikaliwa na kutu, maana bayogesi ina ile hewa ya salfa inayonuka yai bovu na kula chuma. Aliyeujenga hakupokea simu tena. Watoto waliokuwa wakichota maji na kukoroga samadi wakaenda shule za bweni, ng'ombe watatu wakawa mmoja. Shangazi akarudi kwenye mafiga na kuni za mkaratusi, na ule moshi anaoujua. Kwenye hifadhidata fulani ya ulaya naamini bado ni mtambo mmoja, hai.

Mwaka jana akaletewa mtambo mpya, na ile karatasi. Akaniita.

"Kijana wangu, hapa wameandika nini?"

"Shangazi, hapa unawapa haki ya kaboni kwa miaka kumi."

"Kaboni ni nini?"

"Ni ule moshi ambao hutautoa."

"Moshi ambao sitautoa unauzwa?"

"Unauzwa."

Akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akauliza swali ambalo sijaliona kwenye mkataba wowote: "Na vali ikiharibika nampigia nani?"

Hebu tulitazame swali hilo kiufundi. Samadi iliyotapakaa malishoni na kukauka juani hutoa methani kidogo sana, kwa sababu hewa inaipata. Ukiikusanya, ukaikoroga na maji na kuifungia ndani ya kuba, umetengeneza kiwanda cha methani kwa makusudi. Ikiwaka jikoni, safi kabisa: inageuka kaboni dayoksaidi iliyotoka kwenye majani ya nepia, na nepia mpya itaichukua tena. Lakini kuba likipasuka, au bomba likivuja, au jiko likifa huku kuba likiendelea kulishwa, umeongeza methani ambayo zamani haikuwepo. Kwa mkulima aliyekuwa na shimo la tope la samadi hesabu ni tofauti, huyo alikuwa anaitoa tayari. Mtambo mbovu basi si sifuri. Unaweza kuwa chini ya sifuri, na bado ukaendelea kuuziwa krediti.

Mtu atasema natia chumvi. Mwaka 2024 kampuni ya Marekani ya C-Quest Capital ilitangaza yenyewe kwamba miradi yake kadhaa ya majiko ilikuwa imepewa krediti nyingi kuliko ilivyostahili. Yalikuwa majiko, siyo bayogesi, lakini ugonjwa ni ule ule: unahesabu vifaa, unauliza watu wachache, unazidisha.

Sasa linganisha na Ziwa Kivu. Chini ya maji yale, kina cha zaidi ya mita 300, kuna methani nyingi iliyoyeyuka. Rwanda ilianza kuivuta kidogo mwaka 1963 kwa ajili ya kiwanda cha bia Gisenyi. Mwaka 1975 Rwanda na Zaire wakaandikiana mkataba wa kuitumia pamoja, kwa kuwa ziwa halina ukuta katikati. Tangu 2016 mtambo wa KivuWatt, karibu na Karongi, unatoa megawati 26. Ninachokipenda pale ni kipimo: umeme unaotoka unahesabiwa kwa yuniti. Hakuna anayeuhesabu kwa urefu wa bomba.

Najua kuna mtu atauliza kwa nini tusikaushe chai kwa bayogesi tuokoe miti. Nilijiuliza pia, nikachukua kikokotoo. Kilo moja ya chai iliyo tayari inatoka kwenye kilo nne na nusu hivi za majani mabichi, kwa hiyo kilo tatu na nusu za maji lazima ziondoke. Hiyo ni kama megajuli 9 kabla ya hasara yoyote. Weka hasara za tanuri na mabomba, sema mita moja ya ujazo ya bayogesi kwa kila kilo ya chai. Kiwanda cha tani 10 kwa siku kinahitaji mita 10,000, na kila mita inahitaji kilo 25 hivi za samadi. Jumla tani 250 za samadi. Kila siku! Ng'ombe 20,000 na foleni ya malori hadi Kapkatet. Haiwezekani, na anayewaahidi wakulima jambo hilo aulizwe maswali. Viwanda vina makapi yao: James Finlay walijenga mtambo Kericho wa kutumia masalia ya chai na ya maua, na Naivasha ukajengwa wa zaidi ya megawati 2 wa kutumia mabaki ya mboga. Hiyo ni sawa. Samadi ya ng'ombe wawili watatu mahali pake ni jikoni, hatua ishirini kutoka zizini. Hata hapo, kwa baridi yetu ya mita 2,000 juu ya bahari, bakteria wanafanya kazi polepole kuliko vitabu vinavyosema.

Pendekezo langu ni rahisi. Wafadhili na wanunuzi wa krediti walipe kwa mita za ujazo zilizowaka. Weka kipimo cha gesi kwenye bomba la jiko, kitume hesabu kwa SMS mara moja kwa siku. Teknolojia hii ipo. Nchi iliyotumia SMS kuunda Ushahidi Januari 2008, ambayo mama mboga wake anapokea M-Pesa tangu 2007, haiwezi kushindwa na hili. Kipimo kikionyesha sifuri siku tano, fundi wa Litein au Sotik anapata ujumbe, naye analipwa moto ukirudi. Mkulima apate hesabu ileile kwenye simu yake ya kitochi, kwa Kiswahili, na sehemu yake ya fedha.

Kuna watakaodanganya. Utawasha jiko bure mchana kutwa kipimo kisome. Sawa, lakini gesi iliyowaka bure haikupanda angani ikiwa methani, na ng'ombe wako watatu wana kikomo chao, kwa hiyo wizi una dari. Kwenye karatasi hauna.

Kuhusu fedha, msisubiri sheria peke yake. Marekebisho ya 2023 ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi yanataka jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato kwa miradi ya ardhi na 25 kwa mingine, kupitia makubaliano maalumu. Ila makubaliano hayo yaliandikwa kwa miradi iliyo kwenye ardhi ya umma na ya jamii. Mashamba ya chai ya wakulima wadogo kwetu yana hatimiliki, ya mtu mmoja mmoja. Hapo mkulima anabaki na kalamu yake tu, kwa hiyo aitumie: kabla ya kutia sahihi, adai karatasi ya Kiswahili, sehemu yake itajwe kwa shilingi, na namba ya simu ya fundi iandikwe ndani ya mkataba pamoja na siku za kuitikia. Wakikataa hilo la fundi, asitie sahihi. Ndivyo nilivyomshauri shangazi, na wakala hakufurahi.

Nimeanza kuandika programu ndogo ya kupokea hizo SMS, na nitaiweka wazi kila mtu aichukue. Kilichonikwama ni kifaa. Mwenye kujua kipimo cha gesi kinachostahimili ile hewa ya salfa kwa mwaka mzima, na kisichozidi bei ya mbuzi, aniandikie hapo chini.