NGUO YA MCHEZO IHUKUMIWE KWA KAZI YAKE



Sasa wiki tatu zimepita tangu nguo kumi na mbili za kikundi chetu cha teatri zifungwe ndani ya kabati ya biro. Habari hiyo mnaijua wote, lakini labda hamjui ni nani aliyezikusanya. Ni sisi. Kapita akiagizwa, anaenda. Tulienda, tukazitoa katika mikono ya wasichana wa mwaka wa tano na wa sita, tukazikunja, tukafunga kabati, tukarudisha ufunguo. Mmoja wao akatuuliza: «Kapita, weye uliona nguo yangu ikicheza?» Tukanyamaza. Kweli hatukuiona ikicheza. Tuliiona tu ikitundikwa ku kamba.

Ile swali haikutuacha. Tukamwendea mwalimu wetu wa Estetiki, naye akatupa kusoma habari za baleti, ule mchezo wa Ulaya ambamo watu wanaeleza hadithi kwa miguu na muziki, pasipo kusema neno. Tulifikiri tutakuta mambo ya mbali. Kumbe tulikuta mashauri yetu wenyewe, maana kule pia watu waligombana juu ya nguo kwa muda wa miaka mia mbili.

Zamani, wanawake waliocheza ku Opera ya Paris walivaa sawa na mabibi wa nyumba ya mfalme: roba nzito mpaka chini, na viatu vya visigino. Ndani ya nguo kama ile mtu anaweza kutembea vizuri, lakini kuruka, hapana. Kukatokea Marie Camargo, mzaliwa wa Bruxelles, aliyeanza kucheza kule Paris mwaka 1726. Miguu yake ilikuwa nyepesi sana, na watu hawakuweza kuiona. Basi akafupisha roba yake, si mpaka magoti, ni kidogo tu juu ya kifundo cha mguu. Watu wakapiga makelele. Mwenzake Marie Sallé alikwenda London, na mwaka 1734 akacheza katika nguo nyepesi ya kitambaa cha muslini, bila ile mbao na waya za kutanua roba, nywele zake zikiachwa wazi. Leo nani angekasirika juu ya kifundo cha mguu?

Mwaka 1832 Marie Taglioni alicheza La Sylphide, hadithi ya kiumbe cha hewa. Alivaa jipe nyeupe nyepesi, pana kama kengele, yenye kufika katikati ya mguu. Tangu siku ile ulimwengu wote ukajua kwamba mcheza baleti anavaa namna hiyo, na jipe zile zilikuja kufupishwa polepole mpaka zikawa ile tutu tunayoiona katika picha.

Sasa tunaomba msome vizuri habari inayofuata, maana ndiyo iliyotushika zaidi. Ile teatri ya Paris iliangazwa kwa mataa ya gazi, yenye moto wazi, na zile jipe nyepesi ziliwaka upesi kama majani makavu. Wasichana wengi waliungua. Mwaka 1859 Serikali ya Ufaransa ikaamuru nguo za teatri zitiwe katika dawa ya kuzuia moto. Lakini dawa ile ilifanya kitambaa kuwa kigumu na cheupe chake kufifia. Msichana Emma Livry, mchezaji wa sifa nyingi, alikataa kabisa kuivaa. Tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka 1862, walipokuwa wakijizoeza, jipe yake iligusa taa. Aliteseka miezi minane, akafa mwezi wa 7 mwaka 1863. Alikuwa na miaka 20, miaka miwili tu zaidi yetu.

Juu ya nini tunaeleza jambo hilo? Kwa sababu nguo za wenzetu zimeshonwa na wasichana wa Coupe et Couture kwa vipande vya chandarua vilivyopasuka, vikatiwa rangi. Ni kazi ya akili, tunaisifu. Lakini katika sala yetu, stima ikikatika, tunaweka mishumaa na mataa ya petroli mbele ya jukwaa, karibu kabisa na miguu ya wachezaji. Tuligombana siku nzima juu ya magoti. Hakuna mmoja aliyeuliza juu ya mishumaa. Walimu hawakuuliza, wasichana hawakuuliza, na sisi kapita hatukuuliza.

Tuendelee. Mwanzoni mwa miaka ya 1900, mwanamke wa heshima ku Ulaya alifungwa ndani ya korse, ile mkanda mkubwa wenye mifupa au chuma na kamba za kukaza mgongoni. Ilisukuma kifua mbele na kiuno nyuma, na pumzi ikawa fupi. Watu walisema hiyo ndiyo adabu. Mwamerika Isadora Duncan aliitupa. Alicheza miguu chini, bila korse, katika nguo nyepesi kama za Wagiriki wa kale, na mwisho wa mwaka 1904 alifika kucheza ku Saint-Petersburg katika Urusi.

Kisha Warusi wenyewe walikuja Paris. Mwaka 1909 bwana mmoja jina lake Serge Diaghilev alileta kikundi kilichoitwa Ballets Russes. Mwaka 1910 wakaonyesha Schéhérazade, hadithi ya nyumba ya sultani. Nguo na mapambo yalichorwa na Léon Bakst: kijani pamoja na buluu, nyekundu pamoja na rangi ya machungwa, pantalo pana za kufungwa ku kifundo, vilemba, shanga. Wanawake wa Paris walizoea rangi za kufifia. Wakatoka pale macho yamewaka. Punde si punde vilemba na pantalo zile zikaonekana ku njia na ku karamu. Fundi wa kushona Paul Poiret, aliyekwisha kuacha korse mbele yao, aliuza nguo za namna ile, ijapokuwa yeye mwenyewe alikataa kwamba alimfuata Bakst. Katika mwezi wa 6 mwaka 1911 alifanya karamu kubwa ambayo kila mgeni alipaswa kuvaa mavazi ya Mashariki.

Lakini msifikiri kwamba kila kitu kipya kilikuwa kizuri. Poiret huyu huyu, kisha kufungua kifua cha wanawake, alifunga miguu yao. Karibu mwaka 1910 ilitoka jipe yenye kubana chini namna ile mwanamke hakuweza kuvuka mfereji wala kupanda gari bila msaada. Na wanawake waliinunua! Isadora naye, mwenye kupenda nguo nyepesi, alikufa mwaka 1927 ku Nice kwa sababu shali yake ndefu iliingia katika gurudumu la gari na kumkaba shingo. Basi wandugu wanaosema «ni ya kisasa, basi ni nzuri» wasikilize habari hizo pia.

Na wale wanaosema «imefunika mwili, basi ni nzuri» wasikilize hii. Mwanzo wa mwaka 1911 Nijinsky, mwanaume aliyeruka kupita wote, alifukuzwa katika teatri ya mfalme wa Urusi kwa sababu alicheza Giselle pasipo kaptula fupi ya kuvaliwa juu ya suruali ya kubana. Urusi ikampoteza, alikwenda kucheza ku Ulaya na kikundi cha Diaghilev. Lakini tarehe 29 mwezi wa 5 mwaka 1913, Nijinsky yule yule alipoonyesha Le Sacre du printemps ku Paris, wachezaji walivaa nguo ndefu na nzito kama za wakulima wa kale wa Urusi, zilizochorwa na Nicholas Roerich. Mwili ulifunikwa, na watu walipiga makelele kuliko siku zote mpaka muziki haukusikika vizuri. Kumbe kelele hazikutoka ku urefu wa nguo peke yake. Mara nyingi mtu anakasirika kwa sababu hajazoea.

Sisi Wakongomani tunajua vizuri jambo hilo. Wazee wetu wanaeleza namna kravati ilivyokatazwa katika miaka ya 1970, kila mkubwa akavaa abacost. Mwaka 1990 kravati ikaruhusiwa tena, na leo ni hiyo tunayoiona ku shingo za wakubwa. Shingo ni ile ile.

Je, tunasema basi kila mtu avae anavyotaka? Hapana, si vile. Masomo yetu ni ya kanisa, wazazi wanatuma watoto wao kwa tumaini, na heshima iko. Tunasema tu kwamba nguo ya mchezo ni chombo, kama jembe au sindano, na chombo kinapimwa kwa kazi. Katika Biblia tunasoma kwamba Daudi alivikwa silaha za Sauli, zilizo nzuri na za heshima kuu, akazivua kwa kuwa hakuweza kutembea nazo. Hakuna aliyemwita mtundu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu kwa unyenyekevu.

Kwanza, Bwana Prefe na walimu waone nguo zikicheza, hata nusu saa tu, mbele ya kukata shauri. Mama mmoja au wawili wa wazazi waitwe nao. Wakisema goti lifunikwe, wasichana wataongeza kipande cha kikwembe chini, tumewauliza, wamekubali.

Pili, mishumaa na mataa yaondolewe kabisa mbele ya jukwaa. Tutafute taa za pile, ama tucheze saa tisa mchana. Na wasichana wasikatae kwamba mchana hakuna uzuri. Emma Livry alikataa vile.

Tatu, mwaka kesho mtu mwenye mashaka aseme siku ya kukata kitambaa, si siku tano mbele ya siku kuu. Wasichana wale walitoa feza yao, na wawili kati yao walikosa chakula cha saa sita ili kununua uzi.

Sisi wa mwaka wa sita tunakaribia ekzamen ya Serikali, tutaondoka, na kapita mwingine atashika kazi. Hatujui kama Malkia Esta atacheza mbele ya siku ile. Lakini kwa yule msichana aliyetuuliza, tunajibu sasa, tena kwa maandiko: hapana, ndugu yetu, hatukuiona ikicheza, na tulikosa. Ufunguo uko kwa wakubwa wetu. Wakituagiza kufungua, tutakwenda mbio kuliko siku ile ya kufunga.