Tezi na Omo ya Catalina

Safu hii huchukua kazi moja ya mikono na kuuliza Kiswahili kinaisemaje. Safari hii ni kazi ya kutengeneza mfano mdogo wa ndege ya majini ya wakati wa vita, bila kununua seti yenye vipande vilivyokatwa tayari. Kila kipande kinapimwa kwenye mchoro, kinakatwa kwa kisu na kupigwa msasa.

Tumechagua Catalina kwa sababu ya mahali tulipo. Ukisimama juu ya mgongo wa Berea unaiona ghuba ya Durban. Kule Congella, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndiko Kikosi cha 262 cha jeshi la anga la Uingereza kilikokuwa na makao, mpaka Februari 1945 nafasi yake ilipochukuliwa na Kikosi cha 35 cha Afrika Kusini. Kikosi cha 259 nacho kilianzia Kipevu, Mombasa, kikahamia Dar es Salaam mwaka 1943. Tarehe 20 Agosti mwaka huo, Catalina za vikosi vya 259 na 265 ziliizamisha nyambizi ya Ujerumani, U-197, kusini mwa Madagaska. Hata kabla ya vita, tangu 1937, ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zikitoka Southampton hadi Durban, zikitua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Basi chombo hiki si mgeni katika bahari yetu.

Ugumu umeanza kwenye vibandiko. Mfano utawekwa mezani kwa wageni wa chama, na kila sehemu inatakiwa iwe na jina lake. Wapo waliotaka tutohoe maneno yote ya Kiingereza na kuyatia irabu mwishoni. Wapo waliotaka tuunde maneno mapya. Sisi tunasema, kabla ya kutohoa au kuunda, twende kwanza kwa fundi wa majahazi. Tumbo la Catalina ni chombo cha majini, na vyombo vya majini Kiswahili kinavijua.

Tazameni hatua za kazi yenyewe. Kwa skeli ya 1:72, mabawa ya mita 31.7 yanakuwa sentimita 44, na urefu wa mita 19.5 unakuwa sentimita 27. Kwanza tunakata mkuku, uti wa chini unaotoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Juu yake tunasimamisha mataruma, mbavu zinazotoa umbo la tumbo. Kila taruma lina upana wake kufuatana na mchoro. Kisha tunayafunika kwa vipande vyembamba vya plastiki, kama fundi anavyopigilia mbao. Ndani chini kabisa pana ngama, mahali maji yanapojikusanya. Ndege hizi nazo zilivuja, na maji yake yalipaswa kupigwa bomba. Anayeijua methali ya kwenda tezi na omo marejeo ngamani hahitaji kufasiriwa.

Chini ya kila bawa kuna boya la kuzuia ndege isilale upande ikiwa majini. Mwenye ngalawa anakijua kifaa hicho: ni ndubi. Tofauti ni kwamba ndubi ya Catalina hukunjwa ikawa ncha ya bawa baada ya kuruka. Mkiani pana usukani, na mbele ya injini rafadha, maneno ambayo meli zilikwisha kuyazoea.

Pamoja na hayo, jahazi halina kila kitu. Chini ya tumbo la ndege pana mkato kama ngazi moja. Ndege inapokimbia, mkato huo huyaachanisha maji na tumbo, yasiendelee kuing’ang’ania, nayo ikapata kuinuka. Kwa mkato huu tunapendekeza kidato. Wanafunzi hawatalisahau neno hilo. Nguzo inayobeba bawa juu ya tumbo tumeiita nguzo, basi.

Lipo pingamizi ambalo hatuwezi kulipuuza. Wengi wetu tuliosomea Kiswahili darasani hatukuwahi kufundishwa taruma wala ndubi, na mgeni atakayesoma vibandiko huenda akaona maneno haya ni magumu kuliko ya kutohoa. Jibu letu ni kwamba neno gumu lililoandikwa pembeni ya kitu chenyewe huacha kuwa gumu. Anayeziona mbavu za plastiki zimepangwa juu ya mkuku hahitaji kamusi.

Ubavu wa kushoto tutauacha wazi, bila kuufunika, ili mataruma na ngama vionekane. Wenye wazee Lamu, Pemba, Tanga au Kilwa, waulizeni kama kwao majina ni hayohayo, mtuletee majibu kabla vibandiko havijagundishwa.