Nani Ampimaye Mganga?

Mwananchi anunuapo kilo ya sukari ana haki ya kuitazama mizani, na mizani yenyewe hukaguliwa na kupigwa mhuri. Mama ampelekaye mtoto zahanati hana mizani. Huliona jengo, huiona foleni, huisikia kauli ya mganga; na kwa hayo matatu huamua kama mahali hapo ni salama. Kwa macho ya sayansi, hayo ni machache mno.

Kauli nzuri, hasa, si kipimo. Harold Shipman, daktari wa mji wa Hyde, Uingereza, alipendwa na wagonjwa wake. Januari 2000 alihukumiwa kwa kuwaua 15 kati yao, na uchunguzi uliofuata ulikuta kwamba aliwaua zaidi ya 200. Mtu huyo alikuwa mhalifu, wala simfananishi na waganga wetu. Namtaja kwa kuwa hapakuwa na utaratibu wa kuvihesabu vifo vya wagonjwa wake na kuvilinganisha na vya madaktari wa jirani.

Hapa Tanzania, mwaka 2015/16, Wizara ya Afya ilianza kuvipa vituo vya huduma ya msingi nyota, kuanzia 0 hadi 5. Katika vituo karibu 7,000, theluthi moja hivi havikupata hata nyota moja, na vilivyofikia nyota tatu vilikuwa kama 2 tu katika kila 100. Upimaji wa pili, 2017/18, ulikuta vile visivyo na nyota vimepungua hadi kama 4 katika 100, na vyenye nyota tatu au zaidi vimefika kama 20. Lengo lilikuwa 80. Hata hivyo hatua iliyopigwa ilikuwa kubwa, na yafaa kusifu kwamba tarakimu hizo hazikufichwa.

Lakini nyota hupima nini? Mtaalamu Avedis Donabedian, mwaka 1966, aliugawa ubora wa tiba katika mafungu matatu: vilivyopo, yatendwayo, na matokeo. Fungu la kwanza ndilo jepesi, kwa maana kitanda huhesabika na kabati hufunguka. Ndiyo sababu wakaguzi huvutwa huko. Jokofu jipya humpendeza mkaguzi. Swali la kweli ni kama joto lake huandikwa kila siku, na kama hubaki kati ya nyuzi 2 na 8, kwa kuwa chanjo ya pepopunda ikiganda huharibika, na aichomaye asitambue.

Kadhalika mtoto mwenye kikohozi. Kanuni yataka mganga ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima: 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Kazi hii yahitaji saa yenye mshale wa sekunde, basi. Isipofanywa, mmoja hurudishwa nyumbani na ugonjwa wake, na mwingine hupewa dawa asiyoihitaji.

Tatizo ni kwamba mkaguzi aketipo chumbani, pumzi huhesabiwa. Leonard na Masatu, katika utafiti wa mkoani Arusha uliochapishwa 2006, walionyesha kwamba mganga huongeza bidii mara aingiapo mtazamaji, kisha hurejea polepole kwenye desturi yake. Dawa yake ni kumwuliza mama akiisha kutoka nje: Je, alihesabu pumzi? Alimpima malaria kabla ya kumpa dawa? Mama si mtaalamu wa tiba, lakini ni shahidi mzuri wa yaliyotendwa mbele yake.

Maoni yangu ni kwamba kazi hiyo ipewe kamati ya afya ya zahanati, bila kutoa taarifa ya siku, na majibu yabandikwe mlangoni kwa Kiswahili. England, tangu Aprili 2015, sheria yailazimu kila zahanati ya daktari kuonyesha daraja iliyopewa.

Waganga watalalamika, tena kwa haki, kwamba mtu mmoja hawezi kuhesabu pumzi za watoto wote wa foleni ndefu, wala kupima malaria pasipo vipimo. Basi na hilo liandikwe kwenye karatasi ile ile ya mlangoni: siku ngapi vipimo vilikosekana, na waganga wangapi walikuwa kazini.