Hivi nani kaiajiri barua pepe iwe mhariri?

Mwandishi wa habari yeyote anaijua hasira hii. Unakesha na habari yako, unaiwasilisha, asubuhi unafungua gazeti unakuta aya ya tatu haipo na cheo cha mtu kimebadilika. Hukuulizwa. Mhariri kaamua. Unanuna, unakunywa chai, maisha yanaendelea.

Leo nataka kuwaambia kuhusu mhariri mbaya kuliko huyo. Hana sura, hana mshahara, na wengi wenu mnaye humo humo kwenye kompyuta zenu. Ni programu ya barua pepe.

Mdogo wangu anasoma mambo ya kompyuta chuoni. Miezi michache iliyopita aligundua kosa kwenye mradi mmoja wa programu huria anaoutumia kila siku. Akausoma msimbo, akaona mistari miwili haiko sawa, akairekebisha. Kwenye miradi ya namna hii mtu yeyote duniani anaruhusiwa kutuma marekebisho. Rekebisho lenyewe huitwa kiraka, na mradi huo hupokea viraka kwa barua pepe, ndani ya barua yenyewe.

Akafungua barua pepe yake ya bure kwenye kivinjari, akanakili, akabandika, akatuma. Dakika chache baadaye ikarudi: hatupokei HTML. Akabadili iwe maandishi matupu, akatuma tena. Kesho yake akapata jibu fupi, la kistaarabu: kiraka chako kimeharibika, hakibandikiki, tafadhali tuma upya.

"Kaka, hawa watu hawatutaki," akaniambia. Akafunga kompyuta.

Hapo ndipo nilipokasirika. Sikuwakasirikia wale waliomjibu.

Tuelewane kwanza kiraka ni nini. Ni maandishi. Mstari unaoondolewa unaanza na alama ya kutoa, unaoongezwa unaanza na alama ya kujumlisha, na ile isiyoguswa, ya juu na ya chini yake, inaanza na nafasi tupu. Hiyo isiyoguswa ndiyo anwani: inaiambia mashine ya mpokeaji mahali pa kushona. Mashine inaitafuta ikiwa vilevile, herufi kwa herufi, nafasi kwa nafasi. Ukibadilisha kitu kidogo tu, haioni pa kushona.

Sasa chukua mradi mkubwa kuliko yote ya aina hii, keneli ya Linux. Msimbo wake unapangwa kwa kitufe cha Tab, kila Tab upana wa herufi 8. Waraka wa keneli kuhusu programu za barua pepe unasema bila kupepesa macho kuwa Gmail ya kwenye kivinjari haifai kutuma viraka: inageuza Tab kuwa nafasi za kawaida na inakata mistari mirefu. Kwa macho yako barua ni ileile. Kwa mashine, Tab imekuwa tabu.

Mdogo wangu hakukosea msimbo. Alikosea mtarishi.

Mtaniambia: wewe mwandishi wa habari, nafasi na Tab vinakuhusu nini? Vinanihusu. Kwenye gazeti nililoanzia kazi niliandika habari ya wafugaji. Programu yangu ya kuandikia ikakipinda kile kialama cha ng' ili kipendeze. Mitambo ya kupanga kurasa haikukijua. Habari ikatoka na "ng?ombe" kila mahali. Wafugaji wa watu wakawa wanauliza maswali badala ya kufuga. Kiswahili kina bahati ambayo lugha nyingi hazina, kila alama tunayoihitaji imo kwenye ASCII ya tangu miaka ya 1960, halafu inakuja programu inaiharibu bahati hiyo kwa urembo.

Najua jibu la wajanja wa mjini. Barua pepe imepitwa na wakati, hao wazee wahamie GitHub, mtu anabofya kitufe kimoja, kazi imekwisha.

Nawauliza: kitufe cha nani? GitHub ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018. Mwaka 2019, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, watumiaji wa Iran, Syria na Crimea walijikuta wamefungiwa huduma kadhaa pale. Walikuwa wameandika msimbo kama wewe na mimi, kosa lao ni mahali walipokaa. Na watu wa Linux wana kovu lao. Kuanzia mwaka 2002 walitegemea programu ya kampuni moja, BitKeeper, waliyopewa bure. Mwaka 2005 ubure ukaondolewa. Linus Torvalds akalazimika kuketi chini na kuandika git, hiyo hiyo ambayo GitHub imejengwa juu yake. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Barua pepe haina mlango mmoja wenye bawabu mmoja. Huduma ikikukatalia, unahamia nyingine, na barua inafika. Tena ni rafiki wa mwenye bando dogo: unaandika kiraka umeme ukiwa umekatika, mtandao ukirudi unatuma, kilobaiti chache tu. Sisi ndio tungekuwa wa kwanza kuitetea.

Kwa hiyo tatizo liko wapi? Liko kwenye namna tunavyofundishwa. Kijana anaweza kumaliza miaka mitatu anajua kutamka majina ya lugha kumi za kompyuta, na hajui barua yake inapitia nini baada ya kubonyeza kutuma. Anadhani barua pepe ni ukurasa wa tovuti. Halafu akirudishiwa kazi anadhani amebaguliwa.

Haya, nisiwe mlalamishi tu. Jioni ile nilikaa naye, tukafanya hivi. Tuliweka git send-email, ambayo kwenye Debian na Ubuntu inakuja kwenye kifurushi chake, git-email. Tukaandika mara moja tu kwenye mipangilio ya git: seva ya kutumia barua, mlango namba 587, usimbaji wa tls, na jina la mtumiaji. Mwenye Gmail ajue kuwa tangu mwaka 2022 neno la siri la kawaida halikubaliki kwa njia hii. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha tengeneza neno la siri la programu. Ndiyo, seva ya Gmail inafaa, kinachoharibu ni ule ukurasa wake.

Baada ya hapo ni amri mbili. "git format-patch -1" inatengeneza kiraka, "git send-email" inakipeleka bila kugusa hata nukta. Anayependa dirisha la kubofya atumie Thunderbird, lakini azime uandishi wa HTML, azime format=flowed, na aweke mailnews.wraplength kuwa 0. Mutt nayo ni nzuri kwa wasioogopa skrini nyeusi.

Na hili ndilo muhimu kuliko yote: jitumie mwenyewe kwanza. Ihifadhi barua iliyofika, kisha ujaribu kuibandika kwa "git am". Ikikubali kwako, itakubali kwao. Ikikataa, umejiokoa aibu.

Saa moja na nusu, pamoja na chai. Akatuma. Siku nne baadaye likaja jibu: kimepokelewa, asante. Jina lake limeingia kwenye historia ya mradi ule, na halitafutika.

Najiuliza ni wangapi walifunga kompyuta baada ya jibu la kwanza na hawakuwa na kaka wa kuwabishia. Mhadhiri unayenisoma, kipindi kimoja tu kinatosha. Wape wanafunzi wako kiraka, waambie wajitumie, kisha wakibandike. Watakaoshindwa hiyo siku ndio watakaojifunza kitu.