Baraka: Bomba la moshi la pikipiki lisilie kama risasi

Pikipiki ndiyo gari ya Fizi. Kutoka Baraka kupanda Fizi-Centre, kisha kuendelea Lulimba na Misisi, ndiyo inabeba mgonjwa, mihogo, samaki na mama anayerudi kuangalia shamba alilolikimbia. Kwenye barabara ya mawe na matope, bomba la moshi halidumu. Linagonga mawe, linaingia maji mitoni, linaliwa na kutu, mwishowe linatoboka. Hilo si kosa la dereva.

Kosa linaanza siku ya kulibadilisha. Kuna vijana wanaomwomba fundi atoe vyuma vya ndani vinavyopunguza sauti, ao afunge bomba fupi lililo wazi, eti pikipiki ipate nguvu ya mlima. Nguvu hiyo ni ya masikio tu. Injini ndogo kama ya Boxer ao TVS imepangwa pamoja na bomba lake. Ukifungua njia ya moshi bila kurekebisha kabureta, hewa inaweza kuzidi petroli, injini ikachemka kupita kiasi, na valvu ya moshi ikaungua. Aliyetafuta nguvu anarudi kununua valvu.

Halafu kuna ule mlio. Pale bomba linaposhikana na injini kuna pete ndogo ya kuziba. Ikichakaa, hewa inapenya, na dereva anapoachia mafuta kwenye mteremko, petroli iliyobaki inawaka ndani ya bomba: pa! pa! Kwa kijana ni mchezo. Kwa familia iliyokimbia vita, ni mama anayezima taa na kulaza watoto chini, huku baba akitafuta viatu gizani. Nani atawaambia usiku huo kwamba ilikuwa pikipiki tu?

Dawa yake si bomba la bei kali. Fundi aweke pete mpya kila anapofungua bomba, akaze nati za mbele na boluti ya nyuma kidogo kidogo kwa zamu, kisha azikaze tena injini ikishapata moto na kupoa. Tundu dogo linachomelewa. Na kile kibati cha kukinga joto kirudishwe. Miguu ya watoto wanaopakiwa inaunguzwa kwa sababu kilitupwa.

Lakini nani alipe? Madereva wengi wanaendesha pikipiki ya mtu mwingine, na kila jioni wanampelekea mwenyewe pesa yake kabla ya kufikiria chakula cha nyumbani. Kumkamata dereva na kumtoza faini hakununui bomba. Mwenye pikipiki ndiye anapaswa kulibadilisha, na vyama vya madereva vidai jambo hilo liandikwe katika mapatano tangu siku ya kwanza.

Kwa sasa, dereva mwenye bomba bovu anaweza kupita polepole usiku karibu na nyumba zinazopokea wakimbizi, bila kuvuta na kuachia mafuta ovyo.